Muuguzi wa kliniki ya sukari anahamishwa kila baada ya miezi kadhaa. Wenzetu Ulaya waliidai vipi nafasi hii?

SistaWaRungwe

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja huku Rungwe. Sitaitaja jina, bado niko kazini hapo.

Jumanne ni siku yetu ya kliniki ya sukari. Saa kumi na mbili asubuhi benchi limeshajaa, ukungu bado umelala barabarani. Kuna waliotoka Kiwira na kuna waliotoka Masoko, wote tumbo tupu kwa sababu tumewaambia waje hawajala. Nimekaa kliniki hii mwaka mmoja na miezi minne na sasa nawajua. Najua nani anapunguza dozi ya insulini kimyakimya ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi. Najua nani hasomi tarakimu, bali anahesabu vistari vya bomba la sindano kwa ukucha.

Wiki iliyopita nimeambiwa kuanzia mwezi ujao nahamia wodi ya wazazi. Anayekuja badala yangu ni mtu mwema na mchapakazi, ila hajawahi kumfundisha mtu kujichoma insulini. Kabla yangu walipita watatu ndani ya miaka miwili. Kila mmoja alipoanza kuwazoea watu, zamu ikambeba.

Niwaeleze kisa kimoja mnielewe. Kuna mzee wangu mmoja, mkulima wa viazi, ana sukari mwaka wa tisa huu. Mwezi wa tatu alikuja amevaa gambuti kwa ajili ya matope. Nikamwomba avue. Akanijibu, "Sista, miguu haina neno, wala haiumi." Hilo "haiumi" ndilo lililonishtua. Nilipovuta soksi ya mguu wa kulia, kikadondoka kizibo cha soda. Meno ya kizibo yalikuwa yamechora duara kamili chini ya kidole gumba, ngozi imelowa na kuwa nyeupe kama ganda la yai, na katikati pameanza kuchimbika. Alivaa gambuti saa kumi na moja alfajiri. Alishuka nazo mlima, akapanda gari, akakaa kwenye benchi mpaka saa nne. Hakusikia chochote. Alipokiona kile kizibo mkononi mwangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Hicho kilikuwa kwangu?"

Tulisafisha, tukafunga, nikamkataza kukanyagia mguu ule, na kila siku ya tatu akawa anakuja. Wiki ya saba kilifunga. Watu wa kijijini kwake walikuwa wameshaanza kukiita kidonda ndugu.

Kwenye karatasi yetu ya kliniki kuna uzito, presha, sukari na dawa. Miguu haipo. Kuvua watu viatu ni desturi yangu mimi, hakuna aliyeniagiza, na nikiondoka inaondoka nami.

Sasa swali. Kwenye mafunzo fulani ya mtandaoni nilisikia kwamba Ulaya muuguzi wa kisukari ni kazi kamili, mtu anaisomea na anadumu nayo. Je, walizaliwa nayo, au kuna watu waliidai? Waliidai kwa nani, na walikwenda na nini mkononi? Na mimi mwenye stashahada, niliye chini ya matroni na mganga mfawidhi, naanzia wapi?

MtotoWaKilolo

Kamwene dada. Pole, na asante kwa kumvua mzee viatu.

Mimi si mtu wa afya, ni mtoto wa mgonjwa. Mama yangu yuko Kilolo na anachoma insulini ile yenye ukungu, ya asubuhi na jioni. Muuguzi wa kwanza alimwambia atikise chupa. Wa pili akasema ukitikisa unaiharibu, izungushe taratibu kati ya viganja mpaka ukungu uwe sawasawa. Wa tatu hakuuliza kitu. Mama akabaki anatikisa, maana aliyesema kwanza ndiye alikuwa mkali.

Sukari yake ikawa haieleweki. Leo 19, kesho saa kumi usiku anatoka jasho, anaongea maneno yasiyo na mpangilio, nasi tunamnywesha maji ya sukari huku tunatetemeka. Kila kliniki tuliambiwa hafuati masharti ya chakula. Mama alilia siku moja kwa kuambiwa hivyo mbele ya watu, kwa sababu alikuwa anafuata. Nyumbani sisi tunakula kande, yeye anapimiwa kikombe.

Aliyeligundua tatizo ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa kliniki ile miaka mingi. Hakushika hata mashine. Alisema, "Mama, nionyeshe unapochoma." Akapapasa tumbo. Kushoto kwa kitovu palikuwa na uvimbe laini, kama embe dogo limelala chini ya ngozi. Miaka miwili mama alichoma palepale kwa sababu pale hapaumi. Sista akatueleza kuwa dawa ikiingia kwenye uvimbe ule hufyonzwa inavyotaka yenyewe, leo kidogo, kesho nyingi. Akamhamishia mapajani na upande wa pili wa tumbo, akampunguzia dozi kwanza ili isije ikamshusha ghafla, akampigia simu siku tatu mfululizo. Simu yake mwenyewe, vocha yake mwenyewe.

Alipostaafu, pale mezani hakubaki mtu anayejua kupapasa tumbo. Kwa hiyo swali lako dada ni letu pia.

Mwanakiwira_Uingereza

Ugonile dada yangu. Mimi ni wa Kiwira, ni muuguzi huku Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, na minne ya mwisho nipo timu ya kisukari. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu umeuliza swali ambalo hata huku vijana hawalijui jibu lake.

Hawakuzaliwa nayo. Miaka ya 1950 mjini Leicester kulikuwa na daktari, Joan Walker, aliyewatoa wauguzi wa afya ya jamii wakawa wanawafuata wagonjwa wa kisukari majumbani. Aliona kwamba mtu hafundishwi kuishi na insulini kwenye kiti cha kliniki kwa dakika tano. Kazi yetu hapa ilianzia huko, mlangoni kwa mtu, kuangalia anachoma wapi na sindano anahifadhi wapi.

Halafu ikaja mwaka 1989. Oktoba ile, Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari waliwakutanisha watu wa serikali, wataalamu na vyama vya wagonjwa kwenye mji mdogo wa milimani kule Italia, Saint-Vincent. Wagonjwa walikaa meza moja na watu wa serikali, hilo lishike sana. Wakatoka na tamko lenye malengo ya miaka mitano: upofu mpya utokanao na kisukari upungue kwa theluthi moja au zaidi, figo kufa kabisa kupungue kwa theluthi moja, kukatwa miguu kupungue kwa nusu, na mama mwenye kisukari ajifungue salama karibu sawa na asiye nacho. Miaka mitano ikapita na nchi nyingi hazikufika. Lakini tangu siku ile waziri aliweza kuulizwa, "Mwaka huu kwenu mmekata miguu mingapi?"

Wauguzi wakaona kwamba kwenye mazungumzo yale wanatajwa bila kuitwa. Mwaka 1995 wakaunda shirikisho lao la wauguzi wa kisukari Ulaya, FEND. Anne-Marie Felton ni mmoja wa waanzilishi na aliliongoza miaka mingi. Nakueleza mbinu yao moja niliyoipenda. Mkutano wao wa mwaka waliufanya katika mji uleule ambamo madaktari wa kisukari wa Ulaya walikuwa wanakutana, siku chache kabla yao. Daktari akishuka kwenye ndege anawakuta wauguzi wameshazungumza. Wakaenda na bungeni pia. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya kisukari Machi 2012, likapitisha jingine Novemba 2022. Ukiona azimio la pili limekuja baada ya miaka kumi, ujue la kwanza halikutosha, na watu hawakuchoka.

Usidhani Ulaya yote ni kama hapa. Ziko nchi humo ambazo mpaka leo muuguzi wa kisukari hatambuliwi kama fani, anafanya kazi hiyo kwa mapenzi yake na kesho anapelekwa wodi nyingine, kama wewe. Ninapofanya kazi mimi, tangu 2006 muuguzi aliyesomea kuandika dawa anaruhusiwa kuandika karibu dawa zote za fani yake, kwa hiyo napandisha na kushusha insulini mwenyewe. Mwenzangu aliyetoka nchi nyingine ya bara hilihili ananiambia kwao angemsubiri daktari.

Sasa uliuliza walikwenda na nini mkononi. Walikwenda na hesabu. Kuna mji unaitwa Ipswich, mashariki ya Uingereza. Hospitali ya pale iliunda timu ya miguu: daktari, muuguzi, mtaalamu wa miguu, daktari wa upasuaji, wote wanamwona mgonjwa pamoja. Wakawa wanaandika kila mguu uliokatwa kwa miaka kumi na moja, kuanzia 1995 hadi 2005. Ukataji mkubwa, ule wa juu ya kifundo, ulishuka kutoka watu 7.4 kwa kila wakazi 100,000 hadi 2.8. Ukimwekea mhasibu karatasi hiyo mezani haulizi tena muuguzi wa kisukari ana faida gani.

Na hao hao wa Ipswich wametoa kipimo ambacho kitakufaa hapo Rungwe kesho asubuhi, hakihitaji hata shilingi. Mgonjwa anafumba macho. Wewe kwa ncha ya kidole chako cha shahada unagusa, kwa wepesi kabisa, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha tatu na kile kidogo cha mwisho, kwenye miguu yote miwili. Jumla sita. Sekunde moja au mbili kila kidole, usibonyeze, usipapase. Yeye anasema "kulia" au "kushoto" akisikia. Asiposikia viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake ina ganzi na iko hatarini. Mwandikie.

Nakuomba anza na hilo kabla hujahamishwa. Uwe na hesabu yako.

Mkinga_Matamba

Mimi ni tabibu wa zahanati huku Makete. Nimesoma yote, na ndugu yetu wa Uingereza nimemwelewa, lakini naomba nipingane kidogo.

Zahanati yangu ina mashine ya kupima sukari. Stripu zake, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, ziliisha mwezi uliopita. Sasa hata mkiniletea muuguzi aliyesomea kisukari, atapima kwa macho? Ulaya walianza na nani alipe dawa na vipimo, ndipo wakaweka mtu wa kuzisimamia. Sisi tukidai nafasi ya mtu kabla ya stripu tutapewa cheo bila kazi. Hayo ndiyo maoni yangu.

Ila kuna mambo mawili ya huku kwenye baridi ambayo mtu wa kliniki anatakiwa ayafundishe, na hayamo kwenye vipeperushi vinavyotoka Dar. La kwanza ni moto. Mwezi wa sita na wa saba wazee wanasogeza miguu kwenye jiko la mkaa usiku. Mwenye ganzi hasikii. Mwaka jana niliona mama ambaye nyayo zake zilikuwa zimeiva, na aliyegundua ni mjukuu wake kwa kusikia harufu. La pili ni insulini. Kila mtu ameambiwa insulini inaharibiwa na joto, basi wanaiweka dirishani, kwenye baridi. Huku kwetu alfajiri majani yanakuwa meupe kwa barafu. Insulini ikiganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ukaiona nzima. Nimekuta mtu anachoma maji wiki tatu anashangaa sukari haishuki. Waambieni waiweke ndani, mbali na dirisha na mbali na moto.

SistaWaRungwe

Kaka wa Makete, nakuheshimu na kilio cha stripu nakijua, kwetu pia zinakata. Lakini angalia. Kizibo cha soda hakikuhitaji stripu. Tumbo la mama wa Kilolo halikuhitaji stripu. Huyo mama wa jiko na yule wa insulini ya dirishani, umewagundua wewe kwa kuwa umekaa nao miaka. Hiyo ndiyo nafasi ninayoidai, na hapo Makete umekuwa unaifanya bila kuitwa jina lake.

Na stripu zenyewe, nani ataandika kwamba ziliisha tarehe fulani na watu kadhaa wakarudi bila kupimwa, kama kila mwezi mezani kuna sura mpya?

Mkinga_Matamba

Hapo kwenye kuandika umenipata. Tarehe zote sina. Naanza leo.

BabuMipango

Wajukuu, marahaba. Mimi nimestaafu, nilifanya kazi kwenye timu ya afya ya halmashauri moja ya nyanda hizi kwa miaka mingi, nimeshiriki kuandaa mipango ya bajeti hadi nikaota nayo. Sista, nakwambia njia.

Usiombe kada mpya. Muundo wa utumishi unatoka juu, halmashauri haina uwezo nao, barua yako itafungiwa kwenye faili. Omba kitu ambacho mganga mfawidhi anaweza kukitia saini mwenyewe: kwamba muuguzi wa kliniki ya sukari asihamishwe kabla ya miaka mitatu, na anapohamishwa akae miezi mitatu na anayempokea. Hilo halina gharama.

Cha pili, mafunzo na vifaa viingie kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini usisubiri Juni. Mezani vitu vinapangwa kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Februari. Wiki ya magonjwa yasiyoambukiza huwa Novemba, karibu na tarehe 14 ambayo ni siku ya kisukari duniani. Hiyo ndiyo wiki yako. Diwani anahudhuria, mganga mkuu anahudhuria, na wote wanatafuta la kusema. Serikali ilizindua mpango wa taifa wa magonjwa haya Novemba 2019, kwa hiyo hauombi upendeleo, unawakumbusha lililo lao.

Cha tatu, mfano wa karibu kuliko Ulaya uko ndani ya uzio wenu. Nendeni CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa kwa mpango nchini 2004, na mimi nilikuwepo. Angalia walichojenga: kadi, tarehe ya kurudi, mtu wa kumfuata aliyepotea, wauguzi waliofundishwa na kubakizwa. Mgonjwa wa sukari naye ni wa maisha yote. Omba ukae nao siku moja uone daftari zao.

La mwisho, usiende peke yako. Nenda na mgonjwa. Mimi nimewahi kupinga maombi ya wauguzi watano bila kukosa usingizi. Mama mmoja aliponiwekea mguu wake wa bandia mezani, ile bajeti tuliirudia.

SistaWaRungwe

Narudi baada ya wiki tatu, samahanini kwa ukimya.

Nimefanya kile kipimo cha kidole kwa Jumanne mbili. Nimegusa miguu ya watu 43. Wasiosikia viwili au zaidi ni 15. Kati yao wanne walikuwa na vidonda ambavyo hawakuvijua, kimoja kikiwa katikati ya vidole, kimefunikwa na poda ya mtoto. Mama mwenye kidonda hicho alikuwa anadhani ni fangasi. Wengine walicheka nilipowaambia wafumbe macho, wakacheka mpaka nikafika kidole cha tano hawajajibu kitu. Kicheko kikakatika chenyewe.

Niliandika kwenye ukurasa mmoja tu, kwa mkono. Nikaenda kwa matroni na yule mzee wa kizibo, pamoja na binti wa miaka kumi na tisa anayechoma insulini tangu akiwa darasa la nne. Mzee hakuongea sana. Alivua gambuti, akaigeuza juu chini mbele ya matroni, akaigonga mara tatu sakafuni, akapitisha mkono ndani, ndipo akavaa. Akasema, "Huyu ndiye alinifundisha. Huyo mwingine atanifundisha nini kama naye mtamwondoa?"

Majibu hayajawa kamili. Wodi ya wazazi kuna upungufu wa kweli, matroni alinionyesha ratiba na sikuweza kumbishia. Tumekubaliana nibaki kliniki hadi mwisho wa Desemba. Mwenzangu atakaa nami kila Jumanne kuanzia sasa. Neno "miguu" limeongezwa kwenye karatasi, kwa kalamu, kwenye kila nakala. Hili la miaka mitatu litapelekwa kwenye kikao cha uongozi mwezi ujao, na nimeambiwa niandae takwimu. Babu, siku ya CTC nimeipata, naenda Alhamisi.

Mwanakiwira, ndaga fijo. Nina ombi moja zaidi. Hao wa Ipswich walipokuwa wanaandika, waliandika nini hasa kwa kila mtu? Nataka daftari langu liwe na safu sahihi tangu mwanzo, maana nimechora safu sita na nahisi kuna kitu nimesahau.

Mwanakiwira_Uingereza

Dada, andika upande wa mguu, tarehe kidonda kilipoonekana mara ya kwanza na tarehe alipofika kwako. Hiyo tofauti ya siku ndiyo watu wengi husahau. Nitumie picha ya ukurasa ukiwa mtupu, usiweke majina ya watu, tuupitie pamoja Jumapili.